Njoo na Unga Wako

Machi 9, Jumatatu

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo, na kaka ametangaza kwamba anatuhama.

Hakutangaza kwa mbwembwe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono mifukoni, akitazama maji yakichimba vishimo uwanjani, akasema bila kugeuka: "Mvua zikikatika, gari la mkandarasi litapita kunichukua. Kujenga madaraja. Miaka miwili." Wifi, mkewe, alikuwa anachekecha unga. Akaendelea kuchekecha. Aliyepiga ukelele ni mimi, kama kawaida yangu.

Kaka ni fundi wa matanuri ya kuokea mikate. Huyajenga kwa tofali na udongo, kuba juu, mdomo mbele, na katikati ya uwanja wetu lipo moja kubwa alilolijenga ili wateja waje walione. Wateja wenyewe ndio hawaonekani. Akiondoka, uwanja utapangishwa kwa mwosha magari, na huyo amekwisha kusema tanuri livunjwe, linamzibia njia.

"Tatizo si kazi yako," nikamwambia. "Tatizo ni kwamba hakuna anayejua upo. Nipe masika haya nikuletee wateja."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akajibu.

"Chema chako kimejiuza wapi? Mbona tunakula madeni?"

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Oda tatu," akasema. "Za kweli, si za mdomo. Ukizipata kabla gari halijafika, siendi."

Nimeuza simu dukani tangu nimalize shule. Kuita watu waingie ndiyo kazi ninayoijua. Nimeanza kuandika haya ili siku moja nimsomee jinsi nilivyomshinda.

Machi 12, Alhamisi

Tangazo liko tayari. Mkate mmoja, umepasuliwa katikati, mvuke unatoka. Juu yake: MOTO KUTOKA TANURINI! PIGA SASA! Nimelibandika kwenye kila nguzo ambayo haikuwa na mbwa chini yake, na nimelituma kwenye makundi yote ya simu niliyomo, hata yale niliyoapa kuyahama.

Kaka amelikodolea macho. "Tanuri liko wapi hapa?"

"Tanuri ni tofali, kaka. Nani ana hamu na tofali?"

Machi 13, Ijumaa

Simu hazinyamazi. Mungu mkubwa! Nimeshindwa hata kunywa chai.

Machi 14, Jumamosi

Wote wanauliza mkate ni bei gani.

Nimeeleza hadi sauti imekauka: hatuuzi mikate, tunajenga matanuri ya kuokea mikate. "Sawa," mmoja akasema, "basi niletee miwili." Mwingine ameuliza kama tanuri linaweza kumkaushia nguo, maana mvua imemkalia kichwani wiki nzima. Wengine wamekuja wenyewe, wamenusa, wamezunguka tanuri, wamepiga picha, wamekwenda zao. Uwanja umekuwa matope matupu kwa nyayo zao.

Kaka aliwauliza wote swali moja, lile lile, kwa sauti ile ile: "Nani atakanda?" Watu wakababaika. Mmoja akadhani anatukanwa.

Machi 17, Jumanne

Leo nimempata mteja. Andika, mkono wangu, andika!

Amekuja na mwavuli mkubwa wa rangi mbili, wa kutosha familia, na viatu visivyojua matope. Anataka kufungua kiwanda cha mikate. Si kibanda, kiwanda. Ameliona tanuri letu akashika kifua. Amesema anataka kama hilo, ila kubwa zaidi, na pengine mawili, na pengine yenye vigae vya bluu. Ameongea tangu mvua inanyesha hadi imekata na kuanza tena. Mimi nilikuwa nimemvutia kiti, nimemletea chai, nampepea kwa macho.

Kaka akatoka karakana, udongo hadi kwenye viwiko. "Nani atakanda?"

"Nitaajiri," akajibu yule bwana.

"Umewahi kuoka?"

"Ndugu yangu, mimi ni mtu wa mipango."

Kaka akarudi ndani. Hakuaga. Nilitamani ardhi ipasuke, inimeze mimi au immeze yeye, yeyote atakayekuwa karibu. Yule bwana ameahidi kurudi Ijumaa kumaliza mambo. Tumemwita Mwavuli.

Jioni nilimwambia kaka kuwa mdomo wake ndio unaolifunga hili duka. Akaenda kunawa. Anaosha mikono yake kidole kimoja kimoja, taratibu, na mtu unasimama unamsubiri kama unayesubiri hukumu.

Machi 20, Ijumaa

Mwavuli hakuja. Mvua.

Machi 24, Jumanne

Mwavuli amekuja. Sasa anataka matatu. Chai, vikombe viwili.

Machi 29, Jumapili

Mvua bila kikomo. Nimevuna waulizaji wengi kiasi kwamba sasa nawaainisha: kuna wenye njaa, kuna wenye nafasi, na kuna wenye ndoto. Mnunuzi sijamwona.

Wifi amemnunulia kaka begi jipya la safari. Ameliweka wazi kitandani, halafu akatoka akiimba. Sitaki kuandika ninachofikiria juu ya mwanamke huyu.

Aprili 2, Alhamisi

Niandike polepole, nisisahau kitu.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa hasira, na kaka alikuwa amewasha moto mdogo tanurini kukausha ukuta alioutengeneza upya. Akaingia mwanamke langoni, amekumbatia beseni. Yeye alikuwa amelowa chapachapa, maji yanamtiririka puani, gauni limemganda mwilini. Koti lake la mvua hakulivaa. Alikuwa amelifunika beseni.

Sikuelewa. Nikamkimbilia na taulo. Akaipokea, akapangusa kwanza beseni, ndipo akapangusa uso. Halafu akafunua. Ndani lilikuwa donge la unga uliokandwa, limeumuka, jeupe, limejaa hadi ukingoni, na halikuwa na tone hata moja la maji. Lilikuwa linapumua, naapa. Niliona vipovu vikitokea juu na kupasuka kimya kimya.

"Nimeona picha ya mkate kwenye nguzo," akasema. "Nikasema, palipo na mkate hapakosi tanuri. Mie naokea kwenye pipa, na pipa langu limezama na jiko lote. Wateja wangu wanangoja. Niokeeni jamani, hili halilali hadi kesho."

Nikamtazama kaka, nikijua swali linakuja. Halikuja. Alilitazama lile donge, akamtazama yule mama mikononi, kwenye vifundo vya vidole, akaanza kuongeza kuni.

Walifanya kazi pamoja bila kuelezana. Yeye anakata madonge, kaka anasukuma makaa pembeni. Na wakati mikate iko ndani, yule mama akaliwekea tanuri kiganja kwenye ukuta wa nje, akauliza: "Ukishaondoa moto, joto linakaa mpaka lini?"

Sijui niandikeje uso wa kaka. Nimezaliwa nimemkuta, nimemwona akioa, nimemwona akizika. Sijawahi kumwona amefurahi hivyo kwa kuulizwa swali. Akaanza kusema. Kaka, anayetoa maneno kana kwamba anayakopa, alisema juu ya unene wa ukuta, juu ya mchanga aliouzika chini ya sakafu ya tanuri ushike joto, juu ya jinsi ya kuoka mikate kwanza, kisha keki, kisha kukaushia kuni za kesho. Yule mama akawa anauliza na kuuliza. Mimi na taulo yangu nimesimama pale kama mlingoti.

Amekwenda na mikate ya moto, koti la mvua limefunika beseni tena. Tanuri la kujengewa hana uwezo nalo bado, na amesema hivyo waziwazi. Lakini mimi nimekaa hapa na kalamu na jambo moja halinitoki kichwani. Kati ya wote niliowaita, ni yeye peke yake aliyekuja kwa ajili ya tanuri. Na tangazo langu halikumwita yeye. Aliupita mkate akatafuta kilicho nyuma yake.

Aprili 3, Ijumaa

Nimerudia kusoma niliyoyaandika tangu Machi. "Nani atakanda?" Nilidhani kaka anafukuza watu. Alikuwa anamtafuta mtu.

Lakini na yeye ana lake! Kumtafuta mtu kwa kukaa ndani ya karakana na kumngoja apite na mvua, hiyo nayo ni akili gani?

Aprili 7, Jumanne

Nimegombana na wifi.

Nilimkuta anapiga pasi mashati ya kaka ya safari, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Wifi, una haraka ya kumsindikiza mumeo, au kuna sherehe sijaalikwa?"

Akaweka pasi chini. Nilidhani atanirushia.

"Wifi yangu," akasema, "nikimwambia baki, atabaki. Unamjua. Atabaki kwa ajili yangu, na kila siku atakayoamka hana kazi ataniangalia mimi. Sitaki kuangaliwa hivyo. Nataka abaki kwa ajili ya moto wake, au aende. Usidhani silii. Nalia jikoni, kule kuna moshi, haulizwi mtu."

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Tukakaa wote kitandani kando ya lile begi. Nikamweleza habari za Mama Beseni, na nilichokiwaza. Akasikiliza hadi mwisho, akasema kwa mkato tu: "Kwanza toa picha ya mkate. Mkate unamwita mlaji."

Aprili 10, Ijumaa

Tangazo jipya. Tumeliandika wawili, tukafuta, tukaandika, tukacheka. Halina picha ya mkate. Lina picha ya ndani ya tanuri, moto umelala ubavuni.

TANURI LITAWASHWA JUMAMOSI, MEI 9. NJOO NA UNGA WAKO ULIOKWISHA KUUMUKA, TUTAUOKA. ULIZA LOLOTE KUHUSU TANURI. ATAKAYEKUJA MIKONO MITUPU ATAAMBULIA MOSHI.

Kaka amelisoma mara mbili. "Watakuja wachache," akasema.

"Ndiyo nia," nikamjibu. Mimi, niliyeishi kwa kujaza duka, natangaza ili watu wasije!

Sikulibandika kwenye nguzo. Nimelipeleka kwa wauza unga, wauza hamira na wauza kuni, nikawaomba walikabidhi kwa mtu anayerudi kununua kila wiki.

Aprili 14, Jumanne

Hakuna simu.

Aprili 15, Jumatano

Hakuna.

Aprili 18, Jumamosi

Mwavuli amekuja kusema kiwanda kimesogezwa mbele. Chai hakupewa. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini leo limevuma bila sukari.

Aprili 21, Jumanne

Simu moja! Mwanamume, sauti nzito. Hakuuliza bei. "Sakafu yenu ya tanuri ni tofali au chuma?" Nikasema ngoja. Nikakimbia na simu hadi kwa kaka, nikaishika sikioni mwake kwa kuwa mikono yake ilikuwa na udongo. Wameongea mpaka mkono wangu umekufa ganzi. Ni mpishi mkuu wa shule ya bweni. Majiko ya shule yanamlia kuni, na wakubwa wake wamempa ruhusa ya kutafuta fundi.

Aprili 24, Ijumaa

Simu nyingine. Dada wawili, mapacha, wana kantini karibu na hospitali. Walikuwa wanapokonyana simu. "Donge letu linaumuka polepole kwa hii baridi, tulikande saa ngapi ili lisitupite njiani?" Kaka akamwita wifi, wifi ndiye akawajibu. Kumbe wifi anajua kukisia kuumuka kwa unga kwa kugusa tu shavu lake mwenyewe, halafu unga! Nimeishi naye nyumba moja miaka yote hii nikidhani anachekecha unga kwa kukosa la kusema.

Aprili 30, Alhamisi

Simu chache, lakini kila inayolia nasimama wima. Watu hawa wanauliza mambo ambayo sikujua yanaweza kuulizwa. Mama Beseni huja kuoka kila Alhamisi, na leo amemletea kaka kuni za mti ambao, anasema, hauleti moshi mchungu. Kaka alizinusa kama mtu anayenusa barua ya kwao.

Mei 4, Jumatatu

Mvua kubwa usiku kucha. Mtaro wa barabara ya chini umefurika.

Mei 8, Ijumaa

Mkandarasi amepiga. Mvua zinakatika, gari litapita kesho. Kesho! Siku zote Mungu alizoziumba, wakachagua hiyo.

Kaka ameniambia hilo huku anapanga kuni. "Hakuna oda hata moja, mdogo wangu," akasema, bila ubaya. "Lakini neno nililotoa kwa watu nitalitimiza. Nitaoka, halafu nitaondoka."

Na maji barabarani bado yako kiunoni. Nani atavuka na unga?

Mei 9, Jumamosi

Nimekaa kuandika na mikono inanuka moshi. Sitaiosha kwanza.

Kaka aliwasha moto alfajiri. Nimepita mbele ya tanuri hilo maelfu ya mara, lakini sikuwahi kukaa nalo tangu mwanzo. Kwanza kuba lote la ndani liligeuka jeusi tititi kwa masizi, nikasema, basi, limeharibika. Kaka akasema ngoja. Moto ukazidi, ukapanda ukutani, ukajipinda juu, ukatambaa darini kurudi mdomoni kama maji yanayotiririka kichwa chini. Na pale kwenye kilele cha kuba, weusi ukaanza kuyeyuka. Doa jeupe. Likapanuka. Masizi yanaungua yenyewe, tofali linabaki safi kama limepakwa chokaa, hadi tanuri zima ndani likawa jeupe. Sikujua kuwa moto unaweza kufika mahali ukajisafisha. Machozi yalinitoka, na haukuwa moshi.

"Sasa liko tayari," kaka akasema. Akasukuma makaa pembeni, akafagia sakafu, akatupia chembe za unga ndani kupima. Zikageuka kahawia taratibu, jinsi alivyotaka.

Hakuna mtu langoni.

Joto la tanuri halimngoji mtu. Kila dakika tuliyokaa tulikuwa tunalipoteza, na wote watatu tulilijua hilo. Wa kwanza kufika alikuwa Mwavuli. Mikono mitupu. "Mikate iko wapi?" akauliza. Manyunyu yakaanza tena. Nilikwenda hadi langoni nisiuone uso wa kaka.

Ndipo nikawaona. Wanakuja katikati ya barabara ya chini, ndani ya maji, mstari mmoja. Mbele Mama Beseni, anapapasa njia kwa mguu kabla hajakanyaga, anawaita wengine kwa sauti. Nyuma yake mapacha, kila mmoja na sufuria kichwani. Nyuma yao jitu la mtu, mpishi wa shule, ana mabeseni mawili yaliyopangana, ameyainua juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, maji yako kiunoni kwa wenzake na mapajani kwake. Na nyuma yao wengine wawili watatu nisiowajua. Hakuna aliyevaa koti. Makoti, kanga, mifuko ya nailoni, vyote vimefunika unga. Watu wameacha miili yao inyeshewe, unga unapita mkavu juu ya vichwa vyao.

Nimeuza maelfu ya simu. Sijawahi kumwona mtu akivuka maji kwa ajili ya kitu nilichokuwa nauza. Nilisimama pale, mkono mdomoni, mpaka Mwavuli akanipita mbio. Akaufungua mwavuli wake, akawapokea langoni, akayasindikiza mabeseni mpaka tanurini, moja baada ya jingine, anarudi, anakwenda, viatu vyake vizuri vimezama kwenye tope. Hakuna aliyemtuma. Ninamsamehe chai yote.

Kisha ikawa kazi tu. Wifi anagusa kila donge na kusema, "Hili liingie. Hili lipumzike." Kaka na ubao wake mrefu anaingiza, anasogeza, anazungusha. Mpishi wa shule alipiga magoti kwenye tope akachungulia ndani ya tanuri, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na sauti ya mtu anayeongea mahali pa ibada. "Fundi, Jumatatu njoo upime mahali. Nimeruhusiwa kutoa malipo ya mwanzo siku hiyo hiyo." Mapacha wakanong'onezana, wakagombana kidogo, halafu mmoja akasema wanalitaka la ukubwa wa nusu, na mwenziwe akasema, "Si nusu, robo tatu," na wakampa kaka mkono wote wawili kwa pamoja.

Mbili. Nilihesabu, nikawatazama waliobaki. Mmoja alisema mwakani. Mwingine ana pango la nyumba kwanza. Mama Beseni alinitikisia kichwa kwa huzuni, bado.

Na honi ikalia langoni.

Dereva wa mkandarasi alikuwa ameshusha kioo nusu. "Fundi yuko tayari? Tumezunguka mbali kwa haya maji, hatukai." Nikakimbia kwa kaka. Alikuwa ameinama mdomoni mwa tanuri, uso umemulikwa mwekundu, jasho linamdondoka kidevuni.

"Kaka, gari."

Hakugeuka. "Mwambie mikate haijaiva."

Nikakimbia. Dereva akacheka, akaona sicheki. "Dada, mwambie gari halisubiri mkate." Nikarudi mbio, nimeteleza, nimejipaka tope hadi mgongoni.

"Anasema halisubiri."

"Basi lisisubiri."

Watu wote wakageukia langoni. Wifi alikuwa na donge mkononi, amelishika tu. Tukasikia gari likiwashwa, likageuza, likaanza kuyapasua maji ya barabara ya chini, sauti ikadidimia. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimeombea mteja azidishe, nikahisi lazima niseme ukweli.

"Kaka," nikamwambia chini kwa chini, "zimefika mbili tu."

"Najua kuhesabu," akasema. Akanyoosha mgongo, akajipangusa uso kwa mkono wenye jivu, akamtazama mkewe, na wifi akaanza kulia pale pale mbele za watu, mbali kabisa na moshi wa jikoni. Kaka akanikabidhi ubao mrefu. Katika miaka yote hajawahi kuniruhusu kuugusa.

"Toa huo mkate wa kwanza," akasema. "Polepole. Watu wamevuka nao mbali."